Niambie Ulipopotea

Watu wa Rwamishenye, pale Bukoba, walimjua Joanitha kwa jinsi alivyoeleza dawa. Alikuwa akiuza katika duka la dawa la baba yake mdogo, na hakuna mteja aliyetoka pale bila kuambiwa mambo mawili matatu kwa upole: kunywa baada ya kula, waitu, mwenzetu, ukianza usiache katikati, na huyo mtoto usimpe dawa ya mwenzake. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtoto wa familia ya Kilutheri, mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda Mwanza kutafuta maisha akayapata na mtu mwingine. Hakuwa na mtoto. Aliimba sauti ya pili kanisani na hakugombana na mtu.

Wasichokijua watu kilikuwa kwenye simu yake. Wateja walipopungua, Joanitha aliandika hadithi.

Hazikuwa hadithi alizozianzisha mwenyewe. Kila Jumamosi jioni redio ilirusha mchezo uitwao Daraja la Mwisura, kuhusu kijiji cha kando ya mto kinachosubiri daraja lisilokwisha kujengwa. Alikuwamo Tulia, binti fundi cherehani. Mama yake, Bi Rozina, mkunga. Na Mzee Sango, mvushaji wa mtumbwi, ambaye hakulitaka daraja kwa sababu lingemfanya asihitajike tena. Mchezo ulipendwa sana. Kisha mwigizaji wa Bi Rozina akaacha kazi, na watunzi, badala ya kuhangaika, wakamwambia msikilizaji kwamba Bi Rozina amesafiri. Amesafiri kwenda wapi? Hawakusema. Tulia akachumbiwa, akaachwa, akaugua, na mama yake hakurudi hata kumpa pole.

Jambo hilo liliwauma watu. Alistidia, mkulima wa Izimbya mwenye kibanja cha migomba na kahawa na ulimi usiojua kupumzika, alifungua kundi la WhatsApp akaliita Waendelezaji. Kazi yao ilikuwa kuandika yale redio iliyoyaacha. Wengine walimpeleka Bi Rozina Uganda, wengine walimfunga gerezani, mmoja alimwoza kwa mchungaji. Kila aliyeandika aliweka sura yake kundini, na wenzake walitoa maoni.

Joanitha alipoweka sura yake ya kwanza, maoni yalikuja mengi, karibu yote makofi na picha za moto. "Umetisha, dada." "Kalamu hiyo!" Alifurahi mpaka akasahau kufunga boksi la dawa za malaria. Kisha kwenye simu ukaingia ujumbe wa pembeni, kutoka kwa mtu wa Muleba asiyemfahamu. Alikuwa Mwalimu Projestus Rutashobya, mstaafu wa shule ya msingi.

"Dada Joanitha," ujumbe ulisema, "nimeisoma sura yako mara mbili. Nilipotea pale Tulia anapomhutubia mchumba wake kama mgeni rasmi kwenye mahafali. Mtu anayeachwa hasemi 'aidha, ningependa kuongeza.' Niliporudia kusoma, nikapotea palepale."

Joanitha alikasirika. Alimjibu: "Mwalimu, hii si insha ya darasa la saba."

"Najua," Projestus akaandika. "Insha ningeipa alama nikaendelea na shughuli zangu."

Joanitha alikaa na hasira hiyo, akimhudumia mtu huku na huku akiisoma tena ile sehemu. Aliposhindwa kuitetea hata mbele yake mwenyewe, akaifuta. Akajiuliza yeye alisema nini siku mume wake alipofunga begi. Hakuwa amesema lolote la maana. Alimwambia achukue mwavuli, kulikuwa na mawingu. Basi akaandika hivyo: Tulia anamtazama mchumba wake akiondoka, kisha anasema, "Chukua mwavuli wako." Basi.

Akamtumia mwalimu. Jibu lilikuwa fupi: "Hapa sikupotea."

Katika maisha yake Joanitha alikuwa ameambiwa ni mpole, ni mvumilivu, ni mtoto mzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lililomkaa mwilini kama hilo.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Hawakuwa wameonana. Yeye alimtumia sura zake, na mwalimu alimtumia zake, ambazo zote zilimhusu Mzee Sango na mtumbwi wake. Sharti lilikuwa la Projestus: usiniambie nzuri, usiniambie mbaya, niambie ulipopotea. Joanitha naye alijifunza. Siku moja alimwambia kwamba anampenda Mzee Sango kiasi kwamba hamruhusu mtu mwingine kwenye mtumbwi kufungua mdomo. Projestus alijibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wakilia nyuma yake, akicheka mpaka akakohoa. "Mawe, mama yangu! Hata mke wangu ananiambia hivyo hapa nyumbani. Umenipiga penyewe, mwana wange, mwanangu."

Baada ya muda Joanitha akawa anatoa maoni hayo kundini pia, mbele ya wote. Alikuwa sahihi mara nyingi. Watu walimheshimu, na wachache walianza kumwogopa, ingawa yeye hakuliona hilo. Mtu aliyeishi akitajwa kwa upole, akigundua ana jicho kali, hulitumia huku akilifurahia kidogo.

Kisha akaja Felicitas.

Alikuwa binamu yake Alistidia, msichana wa Kemondo, aliyepika na kuosha vyombo kwenye mgahawa wa karibu na bandari, pale wanapokula wapakiaji wa mizigo na wavuvi. Alistidia alimwingiza kundini kwa maneno mengi: huyu ni mdogo wangu, amefiwa na mama, ana kipaji, mpokeeni. Kwa muda mrefu Felicitas alisoma tu. Halafu, mchana mmoja, akaweka sura.

Aliandika kwamba Bi Rozina hakusafiri. Alikuwa hospitalini, na Tulia alikuwa akimuuguza. Asubuhi moja mama anamwambia binti yake aende akale. Tulia anakwenda kantini, anaagiza chai na chapati. Kantini kuna televisheni, na kwenye televisheni kuna kichekesho. Tulia anacheka pamoja na watu asiowajua, anacheka mpaka chai inampalia. Anaporudi wodini anakuta kitanda kimetandikwa upya. Anamuuliza muuguzi, "Chupa yetu ya chai iko wapi?" Sura ikaishia hapo.

Makofi yakaja, machache, ya kusitasita. Joanitha aliisoma akiwa dukani, kati ya mteja na mteja, na akahisi ile hali ya kupotea aliyoizoea. Akaandika kundini, mbele ya wote:

"Felicitas, karibu. Nasema ukweli kwa sababu una uwezo. Hapa umetupotezea Tulia. Tulia tunayemjua hawezi kukaa kantini akicheka wakati mama yake anakata roho. Na hilo swali la chupa ya chai ndilo baya zaidi, linamfanya aonekane hana moyo. Hakuna binadamu anayefanya hivyo. Kata kicheko, kata chupa, mrudishe wodini amshike mama yake mkono. Haiaminiki kabisa ilivyo sasa."

Baada yake wengine walipata ujasiri. "Kweli, dada Joanitha." "Na mimi nilishangaa." "Mtoto gani huyo!" Mmoja akaweka katuni ya mtu anayekunywa chai huku akicheka, na watu wakaicheka hiyo katuni.

Joanitha alipoangalia tena, mahali pa ile sura palikuwa pameandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Chini yake: Felicitas ameondoka kundini.

Alistidia alipiga simu, na kwa mara ya kwanza Joanitha alimsikia akiongea polepole.

"Joanitha, unajua ulikuwa unasoma nini?"

"Nilikuwa nasoma sura, Alistidia."

"Shangazi alikufa hivyo. Felicitas alikuwa naye peke yake hospitali. Sisi wote tulifika kuchukua mwili. Kila mtu alimuuliza, mama alisema nini mwishoni? Naye alisema tu hajui, hajui. Leo ndiyo ameniambia alikuwa kantini. Amenipigia akilia, anasema, umeona, hata watu wa hadithi wamesema hakuna binadamu anayefanya hivyo."

Joanitha alikaa chini kwenye kiti cha wateja. Kulikuwa na mtu mlangoni anataka panadol, akamwambia asubiri, na mtu huyo akasubiri.

Alimwandikia Mwalimu Projestus. Mwalimu alijibu kwamba hata yeye alipotea palepale, kwenye kicheko, na kwamba Joanitha alisema kile msomaji yeyote angesema. "Atarudi," aliandika. "Wote hurudi. Hata wewe ulirudi."

Hakurudi. Joanitha alimwandikia Felicitas, ujumbe ukasomwa, hakujibiwa. Akaandika tena. Mwishowe aliomba ruhusa kwa baba yake mdogo, akaenda Kemondo mwenyewe.

Mgahawa ulikuwa na mabenchi yaliyokaliwa na watu waliotoka kupakua shehena ya saruji, nguo zao nyeupe kwa vumbi. Felicitas alikuwa nyuma, akiosha sufuria. Alikuwa mdogo kuliko Joanitha alivyomfikiria, na mrefu.

"Karibu, dada. Kuna ndizi na samaki."

"Mimi ni Joanitha."

Felicitas hakuacha kusugua. "Najua. Nimeiona picha yako kwenye simu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Sikujua."

"Ungejua, ungesema nini?"

Joanitha alifikiri. "Ningenyamaza."

"Ni yaleyale." Alimwaga maji, akachota mengine. Hakuongea kwa hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na hasira. "Mimi sikutaka mnisifu, dada. Mama aliniambia nenda ukale, nikaenda. Nilicheka. Siwezi kusema sikucheka. Sijawahi kumwambia mtu. Nikasema, watu wanampenda Tulia. Nikimpa Tulia haya mambo, watamwonea huruma, maana wameshampenda tangu zamani. Labda nitaona wanavyomsamehe, nijue inafananaje." Aligeuza sufuria, akaisugua chini kwenye masizi. "Kumbe hata kwenye hadithi haiwezekani."

"Inawezekana," Joanitha alisema haraka. "Inawezekana kabisa. Ni kwamba hukutuonyesha njaa. Ungeanza na njaa, na uchovu wa kulala kwenye sakafu ya wodi, tungefika kantini pamoja na yeye, na tungecheka pamoja na yeye kabla hatujajua, halafu..."

Alijisikia mwenyewe akiongea, akanyamaza.

Felicitas alimtazama kwa mara ya kwanza. Karibu atabasamu. "Bado unasahihisha," alisema.

"Nisamehe."

"Hapana, ndivyo ulivyo. Na ulisema kweli. Nilivyoandika, haikuaminika."

"Andika tena. Nitumie mimi tu, au usinitumie, lakini andika."

"Sina tena, dada. Niliandika ile nikidhani nikimaliza itatoka. Sasa imerudi na maneno yenu juu yake. Nikifikiria mama, naiona ile katuni ya chai."

Mtu mmoja aliita kutoka kwenye benchi, anataka mchuzi. Felicitas alijikausha mikono akaenda. Aliporudi alikuwa na sahani ya ndizi na samaki, akaiweka mbele ya Joanitha bila kuulizwa, kama mgeni anavyostahili. Joanitha alikula, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine. Waliagana kwa heshima wakati wa kuondoka. Hawakuonana tena.

Tangu hapo Joanitha hakumwambia mtu alipopotea. Aliandika "hongera" na "endelea hivyohivyo." Aliweka makofi. Mwanzoni wenzake walishangaa, kisha wakafurahi, na baada ya muda kundi likawa kama sherehe isiyoisha. Sura zikawa ndefu. Bi Rozina alirudi kutoka Dubai na magari, akafa, akafufuka kanisani. Kila mtu alikuwa mwandishi bora. Hakuna aliyesoma ya mwenzake mpaka mwisho, na ungeweza kulijua hilo kwa jinsi makofi yalivyofika kabla mtu hajaweza kuisoma hata nusu.

Naye mwenyewe aliandika sura moja katika kipindi hicho. Tulia anamtafuta mama yake kijiji hadi kijiji, na kila nyumba anapewa kiti, na hakuna anayemwambia kitu. Alijua kuna mahali katikati ilikuwa imelegea, ila hakuweza kupaona. Mwandishi haoni kisogo chake. Aliiweka kundini. Moto, makofi, moto. Alimwandikia kila mmoja aliyesifu kumwomba amweleze zaidi, na kila mmoja alisema haina kasoro. Wengine walisema hivyo kwa sababu hawakuisoma. Wengine, alihisi, walimkumbuka Felicitas, na hawakutaka kukosana na Joanitha.

Akamsubiri Mwalimu Projestus. Mwalimu alikuwa kimya. Ukimya ukaendelea, mpaka ujumbe ulipokuja kutoka kwenye simu yake, ulioandikwa na mke wake, Edvina: mwalimu alianguka kwenye migomba asubuhi akikata majani makavu. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala. Mwombeeni.

Joanitha alituma salamu, akatuma maombi, akatuma dawa alizoambiwa zinahitajika kupitia kwa dereva wa basi wa njia ya Muleba. Polepole mwalimu akaanza kurudi. Akaweza kusema. Akaweza kuandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Na siku moja akamtumia sura.

"Mwana wange. Nimeandika. Najua kuna kitu kimeharibika kichwani, sijui ni kiasi gani. Daktari ananiambia naendelea vizuri, mke wangu ananiambia naendelea vizuri. Wewe niambie ulipopotea."

Joanitha aliisoma nyuma ya duka, kwenye kivuli cha ukuta. Mzee Sango anavuka mto, kisha anauvuka tena bila kurudi. Bi Rozina amekufa, halafu anauliza bei ya ndizi. Sentensi zilianza na kuishia njiani, nyingine zilijirudia neno kwa neno. Mahali fulani Tulia anaacha kuitwa Tulia. Anaitwa Edvina, anapanda mtumbwi akiwa na gauni la kijani, naye Mzee Sango anamwambia, kaa katikati, mtumbwi usipinduke. Baadaye kidogo anakuwa Tulia tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Katikati ya mvurugiko huo kulikuwa na mistari miwili mitatu yenye sauti yake ya zamani, na hiyo ndiyo iliyomliza Joanitha.

Alipotea kila mahali. Angeanzia wapi? Aliandika: "Mwalimu, nimeisoma. Ni nzuri sana. Imenigusa." Akabonyeza kabla hajabadili mawazo.

Jibu lilikuja kwa sauti, maneno yakiburutwa kama mtu anayevuta gunia. "Ulipotea... wapi?"

"Sikupotea popote, Mwalimu."

Kisha sauti tena, taratibu, kila neno likitafutwa. "Nilikuomba jicho. Umenipa pole. Pole ninazo nyingi hapa."

Alitaka kujibu. Alianza, akafuta, akaanza tena, akafuta. Alijiambia atakwenda Muleba Jumapili baada ya ibada, amwambie ana kwa ana, aketi naye sura mkononi wapite mstari kwa mstari kama zamani. Jumapili hiyo kulikuwa na ubatizo kwa dada yake. Iliyofuata, baba yake mdogo aliugua na duka likabaki kwake. Alipopata nafasi, mwalimu alikuwa ameshapigwa na kiharusi cha pili.

Nyumba ilikuwa mbali kidogo na barabara kuu, ndani ya migomba, kahawa zikianza kuwa nyekundu kwenye miti. Edvina alimpokea uani. Alikuwa mama mfupi, mkimya, mwenye kitenge kilichofungwa kwa mkazo wa mtu anayefanya kazi tangu alfajiri.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilikuwa nasikia tu sauti yako kwenye simu. Karibu, mwanangu. Usishangae ukimwona. Hasemi tena. Anacheka na kulia, lakini havifuati kitu. Daktari anasema tusivitafsiri."

Mwalimu Projestus alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chenye mito pande zote, uso ukielekea mlango ulio wazi. Alikuwa mwembamba, amenyolewa vizuri. Joanitha alimsalimu kwa Kihaya, kwa kupiga magoti, kama binti kwa baba. Macho ya mwalimu yalimpitia, yakarudi mlangoni.

Joanitha alivuta kigoda karibu. "Taata, nimekuja kukuambia nilipopotea," alisema. Akafungua simu, akaanza kuisoma ile sura kwa sauti, pole pole, na kila alipopotea alisimama akamwambia. Hapa Mzee Sango anavuka mara mbili. Hapa Bi Rozina ameshakufa. Hapa sentensi imekatika. Hapa, taata, huu mstari ni mzuri, usiuguse. Mwalimu alitazama mlango. Mara moja alicheka, mahali pasipokuwa na kitu cha kuchekesha.

"Na hapa," Joanitha aliendelea, "Tulia anageuka kuwa Edvina. Anapanda mtumbwi na gauni la kijani..."

"Nani?"

Edvina alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha uji.

"Amesema Edvina?" aliuliza. "Na gauni la kijani?"

"Ndiyo, mama."

Edvina aliweka kikombe chini, akaketi kwenye ukingo wa kochi. "Soma hapo tena."

Joanitha alisoma. Edvina anapanda mtumbwi. Mzee Sango anamwambia, kaa katikati, mtumbwi usipinduke.

"Nilikuwa na gauni hilo," Edvina alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika, umelegea, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. "Miaka yote hii anaandika, anaandika, mtumbwi, mzee, mto. Nilikuwa namwambia, na mimi je? Ananijibu, wewe huumo Mwisura. Kumbe aliniweka." Alimtazama mume wake, kisha Joanitha. "Aliniweka, si ndiyo? Alikusudia?"

Joanitha alikuwa amekuja kusema kweli. Alikuwa amejiahidi hivyo njia nzima kutoka Bukoba: kwamba hatadanganya tena, si kwa huruma, si kwa woga. Kinywa kilijibu kabla moyo haujapata nafasi.

"Hapana, mama. Nadhani alichanganya majina. Ni ugonjwa. Baada ya hapo anarudi kuwa Tulia."

Edvina alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Aliendelea kukitikisa kwa muda. "Basi hata humo mimi ni kosa," alisema.

"Mama, sikumaanisha..."

"Hapana, mwanangu. Umesoma shule, unajua kusoma haya mambo." Alichukua kikombe, akavuta kiti karibu na mume wake, akaanza kumlisha uji kwa kijiko, akimfuta mdomo kila mara. Joanitha alibaki kwenye kigoda na simu mkononi. Alitamani kusema kwamba labda alikosea yeye, kwamba mkono wa mgonjwa unaweza kuandika kile moyo ulichokificha, kwamba yeye si mwamuzi wa kitu chochote. Huenda hata yalikuwa kweli. Lakini sasa yangesikika kama pole, na Edvina angeyapokea kama pole.

Alipoaga, Edvina alimsindikiza mpaka barabarani, kama desturi inavyotaka, akiwa amebeba mkungu mdogo wa ndizi kichwani ambao alimlazimisha auchukue. Walisubiri gari. "Usimwambie mtu kwamba nilidhani hivyo," Edvina alisema gari lilipoonekana. Joanitha aliahidi.

Mwalimu Projestus alifariki kahawa ikiwa bado inavunwa. Kundini watu waliweka mishumaa na misalaba, wengi wao wakiwa hawajawahi kumsoma. Siku chache baada ya mazishi mmoja wao aliweka sura ya kumuenzi: Mzee Sango anapaa mbinguni ndani ya mtumbwi wake huku malaika wakishangilia kando ya mto, na anahutubia kijiji kwa maneno mengi kabla ya kupotelea mawinguni. Makofi yalifurika.

Alistidia akaandika: "Joanitha, wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Sema neno juu ya sura hii, kwa heshima yake."

Wote waliona kwamba Joanitha anaandika. Ikaonekana anaandika, ikakoma, ikaonekana tena. Mwishowe hakukuwa na neno, kulikuwa na taarifa kwamba ameondoka kundini. Alistidia alimpigia simu jioni hiyo na kesho yake, na mara kadhaa baadaye kwenye wiki zilizofuata. Simu iliita mpaka ikakata yenyewe. Kisha Alistidia naye, akiwa na kahawa ya kuanika na mvua inakaribia, akaacha kupiga.